Kabla hamjakata minazi ya Pangani

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni mlichapisha barua ya msomaji aliyetaka minazi ya pwani yetu ikatwe yote, ipasuliwe mbao, na mashamba yapandwe kitu chenye maana. Sababu yake moja ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki: kwamba siku hizi mnazi haulishi mtu, unalewesha tu. Niliisoma nikiwa kwenye kivuko navuka kwenda Bweni, nikaisoma tena ng'ambo, kisha nikakunja gazeti nikalitia kwapani. Mimi ni mtoto wa mgema. Marehemu baba alikwea minazi ya watu tangu kabla sijazaliwa, na vidato vyangu vinne vya sekondari vilitoka kwenye vidato alivyochonga yeye mashinani. Baadaye nikawa bwana shamba, nikafanya kazi hadi nikastaafu. Naomba basi nafasi nijibu, tena nafasi pana kuliko kawaida yenu, maana jibu langu haliendi moja kwa moja. Linapitia Java, kisiwa cha Indonesia.

Mwaka 2008 nilichaguliwa kwenda Indonesia kwa mafunzo ya wiki tano, pamoja na mabwana na mabibi shamba wa nchi nyingine za Afrika. Wiki mbili za mwanzo tulikaa darasani mjini Yogyakarta, na ya darasani nimeyasahau karibu yote. Wiki tatu zilizobaki tuligawanywa vijijini, kila mmoja na mwenyeji wake. Mimi nilipelekwa kijiji kimoja cha Kokap, katika wilaya ya Kulon Progo, magharibi ya mji, kwenye miteremko ya vilima vya Menoreh.

Nilishuka garini nikadhani nimerudishwa Muheza. Minazi, migomba, mifenesi, mihogo, mikarafuu, njia ya udongo inayopanda kwa kujipinda, kuku wa watu barabarani. Kilichonizindua ni mapaa. Kila nyumba ilikuwa na paa la vigae vyekundu, hata ile ambayo kuta zake ni mianzi iliyosukwa kama jamvi. Kwetu nyumba ya mnyonge huitambua kwa makuti. Kule minazi imezagaa kila upande na sikuona paa la makuti hata moja. Nilipomuuliza mwenyeji wangu alicheka sana. Makuti, alisema, ni kuni za kupikia sukari. Nani ataziezeka juu ya kichwa chake?

Mwenyeji huyo alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mwembamba, miguu imekakamaa kama mizizi ya mkoko. Kijiji kizima kilimwita Mbah, yaani babu, nami nikamwita hivyo hivyo. Tulizungumza kupitia binti yake wa mwisho, aliyekuwa sekondari na anajua Kiingereza cha kuokoteza kama changu. Siku ya pili Mbah alijieleza kwa neno ambalo sijalisahau: yeye ni *petani gurem*. Petani ni mkulima. Gurem ni utitiri, wale wadudu wadogo wa kuku. Ndivyo Wajava wanavyomwita mkulima ambaye ardhi yake haifiki nusu hekta. Mkulima utitiri! Alilisema bila haya, kama mtu anayetaja ukoo wake.

Na walivyobanana, utitiri hawakosekani. Java ni kama sehemu ya saba tu ya ukubwa wa nchi yetu, na sensa yao ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 150 kwenye kisiwa hicho. Kwa hiyo hukuti kipande kilicholala bure. Kiwanja kilichozunguka nyumba ya Mbah, ambacho kwetu kingekuwa uwanja wa kufagia na mti mmoja wa kivuli, kilikuwa shamba la ghorofa. Juu kabisa minazi, chini yake mikarafuu na mfenesi, chini yake migomba na kahawa, chini yake mihogo, na pembeni kabisa ya ukuta tangawizi na manjano. Mbuzi walikaa kwenye banda la mianzi lililoinuliwa, samadi inadondoka chini, inazolewa kwa jembe. Miaka mingi nilihubiri kilimo mseto kwa wakulima wa Pangani kwa picha za kwenye bango. Laiti ningekuwa na kiwanja kile cha kuwaonyesha.

Mpunga ulikuwa bondeni, huko kwenye tambarare ya kuelekea Wates na bahari ya kusini. Wanawake hupandikiza wakirudi nyuma kinyumenyume, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Niliambiwa zamani walivuna kwa kisu kidogo kinachofichwa kiganjani, kinaitwa *ani-ani*, suke moja baada ya jingine, ili Dewi Sri, bibi wa mpunga katika imani zao za kale, asishtuke akakimbia. Zilipoingia mbegu fupi za kisasa mundu ukachukua nafasi. Wenyewe ni Waislamu, lakini bado wapo wanaompelekea bibi huyo wali na yai pembeni ya jaruba kabla ya kuvuna. Nilitaka kuwacheka, nikawakumbuka watu wetu wanaofukiza ubani mzimuni kabla ya kufyeka shamba, nikanyamaza.

Adabu yao ilinipa taabu tamu. Ukifika mlangoni kwa mtu unasimama unaita *kulo nuwun*, na wa ndani anaitikia *mangga*. Ni hodi na karibu, Mhariri, wala si kitu kingine. Ukipita mbele ya wazee waliokaa unainama, mkono wa kulia umeushusha mbele yako kama unapasua maji, unasema *nuwun sewu*, yaani naomba radhi elfu. Halafu lugha yao ina ngazi. Kula kwa mdogo wako ni *mangan*, kula kwa mkubwa ni *dhahar*. Mimi nilijifunza la kwanza kutoka kwa watoto, nikamkaribisha Mbah chakula kwa neno la watoto, mbele ya wageni. Binti akaficha uso kwa kanga yake ya batiki. Mbah alikula bila kusema kitu. Nilijihisi kama kijana aliyempita mzee bila shikamoo.

Kwenye Kiindonesia nilipata afueni, maana Waarabu na Wareno wamepita kwao kama walivyopita kwetu. Habari ni *kabar*, sabuni ni *sabun*, wakati ni *waktu*, meza ni *meja*. Bendera ni *bendera* vile vile, na dunia ni *dunia*.

Nisiipite jikoni. Siku moja nililetewa vipande vya kukaanga, vyeusi kidogo kwa ndani, vinatafunika kama nyama ya kuku mzee, pamoja na vipete vyeupe vya wanga wa muhogo vinavyoitwa *geblek*. Nilikula nikaongeza. Nikauliza ni kitu gani. Wakaniletea mbegu mbichi kiganjani. Mimi ni bwana shamba, mbegu naijua: ni upupu! Si ule wa porini unaotuwasha hadi tukajigaragaza kwenye majivu, bali ndugu yake aliyefugwa, usio na nywele za kuwasha. Wanauita *benguk*. Huuchemsha na kuuloweka, maji yakibadilishwa kwa siku kadhaa ili sumu itoke, kisha huuacha uote ukungu mweupe ndani ya jani la mgomba, nao unakuwa *tempe benguk*. Nyumbani hapa hakuna aliyeniamini. Mke wangu mpaka leo akikasirika huniita mla upupu.

Sasa nifike kwenye sukari, ambayo ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Alfajiri ya siku ya tatu nilimsikia Mbah akiadhini mwenyewe kwenye msikiti wao mdogo. Tuliposwali akaenda nyumbani, akavua shuka, akavaa kaptura, akajifunga kiunoni kisu kilichopinda na mabumba matatu ya mianzi, vyombo vya kukingia maji ya mnazi, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mnazi, akaanza kukwea. Shina limechongwa vidato kulia na kushoto. Nilisimama chini mdomo wazi. Kisu kile kilikuwa kotama. Vidato vilikuwa vya baba. Hata alivyotema mate kiganjani kabla ya kushika shina, ilikuwa ni yeye. Juu alikata kipande chembamba kama karatasi kwenye ncha ya panda, yaani kikonyo cha maua ya mnazi, akashusha bumba lililojaa, akatundika jipya, akateremka. Mti wa pili. Wa tatu. Ishirini na nne kwa jumla, asubuhi na tena jioni, kila siku ya Mungu, kwa sababu panda likirukwa siku moja hukauka mdomo.

Mgema wao anaitwa *penderes*. Maji anayoshusha ni yale yale ya kwetu, tembo tamu, yaani pombe ya mnazi kabla haijachacha; wao huyaita *legen*. Tofauti yote iko kwenye bumba kabla halijapandishwa. Mbah alilitia chokaa kidogo, ya kuloweka, na vipande vya ganda la tunda fulani lao au vumbi la mbao za mfenesi. Chokaa inazuia kuchacha. Kwetu bumba au kibuyu hupandishwa kikiwa na masalio ya jana, kwa makusudi, ili tembo liwe kali mapema. Mnazi ni ule ule na kotama ni ile ile. Kinachotofautisha mlevi na mnywa chai ni chokaa ya ncha ya kidole.

Baada ya hapo kazi inakuwa ya mama. Anachuja, anamimina kwenye karai kubwa la chuma juu ya mafiga ya udongo, na moto unakaa hapo kwa muda wa saa nne au tano. Povu likipanda hutupia nazi iliyokunwa kidogo, linatii. Rangi inatoka maziwa inakwenda asali, inakwenda kahawia ya mbao. Hudondosha tone kwenye bakuli la maji baridi; likigandamana kama gololi, basi limeiva. Hulikoroga na kulimimina kwenye vifuu vilivyoloweshwa, na likipoa linatoka bonge la nusu duara, linanukia moshi na karanga. Niliandika hesabu kwenye daftari: lita saba hivi za maji ya mnazi zilitoa kilo moja ya sukari. Kuna na namna ya pili, ya kuendelea kuikoroga na kuisaga kwa kifuu hadi iwe chengachenga. Hiyo wanaiita *gula semut*, sukari ya sisimizi, na ndiyo inayouzwa hadi Ulaya.

Jioni nilimwambia Mbah kwamba baba yangu alikuwa na kazi kama yake. Alifurahi, akataka kujua baba alikuwa na miti mingapi na sukari yake ilikuwa na rangi gani. Nikamwambia hakupika sukari, aliuza tembo. Binti alisita kidogo kutafsiri. Mbah alitikisa kichwa polepole, akaniuliza kitu kimoja tu: na msikitini walimpokea?

Sikumjibu. Baba aliswali nyumbani, Mhariri. Ijumaa alikoga mara mbili, akajipaka mafuta ya karafuu, akakaa safu ya mwisho karibu na viatu. Sisi wanawe chuoni tuliitwa watoto wa pombe na wenzetu ambao baba zao ndio waliokuwa wateja wetu wa jioni. Na hapa mbele yangu ameketi mgema aliyetoka kuadhini.

Niliifikiria sana habari hii usiku, na usiku wa kule una nafasi ya kufikiri, kwa sababu nao niliulinda. Kijiji kimegawanywa vikundi vya nyumba jirani vinavyoitwa RT, kila kimoja na kiongozi wake asiye na mshahara. Ni balozi wa nyumba kumi kabisa. Wajapani ndio waliouleta utaratibu huo walipoikalia Java kati ya 1942 na 1945, wakitaka kuwachunga watu. Wajapani wakaondoka, vikundi vikabaki, watu wakavifanya vyao. Kila usiku wanaume wa zamu hukaa kwenye kibanda cha njia panda, kisha huzunguka. Kwenye ukuta wa mbele wa kila nyumba limetundikwa kopo dogo, na ndani yake mwenye nyumba ameweka mchele unaoshikika kwa ncha za vidole, au sarafu. Wa zamu hupita wakimimina kwenye mfuko mmoja. Inaitwa *jimpitan*. Mchele ule ukiuzwa ndio unaotengeneza daraja la mianzi, ndio unaonunua taa ya msikiti, ndio unaompeleka mgonjwa hospitali. Hakuna anayeuona ukitoka, na mtu aliyelala na kopo tupu hajulikani na mtaa ila na wale wa zamu. Nilipata zamu yangu kama wengine. Tulikunywa kahawa yenye machicha yake ndani ya glasi, tukala mihogo ya kuchemsha, vyura wakatupigia kelele hadi alfajiri.

Kwenye kibanda hutundikwa gogo la kupigwa, lenye mpasuo tumboni, *kentongan*. Mapigo yana maana: ya mfululizo bila kupumua ni hatari, moto au mwizi. Wiki yangu ya pili lilipigwa kwa msiba. Kabla jua halijatoka turubai limefungwa, wanawake wamewasha mafiga matatu, na vijana wako makaburini na majembe. Sikuona aliyeitwa kwa jina. Zamani kwetu msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ulikuwa hivyo, ukipigwa unatoka. Siku hizi msaragambo wa kwetu mwenyekiti anautangaza kwa kipaza sauti na watu wanazima redio ili ionekane hawapo.

Matanga yao nayo yana tarehe: siku ya tatu, ya saba, ya arobaini, ya mia, hadi ya elfu moja. Kila mara ni dua na wali, na kila aliyehudhuria anaondoka na kifurushi cha chakula kinachoitwa *berkat*, yaani baraka. Nililetewa baraka yangu mpaka chumbani.

Soko lao lilinichanganya. Wana juma la siku saba kama sisi, na juu yake juma jingine la Kijava la siku tano: Legi, Pahing, Pon, Wage, Kliwon. Gulio la jirani lilifuata hilo la tano, kwa hiyo wiki hii lilikuwa Jumanne na wiki iliyofuata Jumapili. Nililikosa mara mbili.

Msije mkadhani nilikuta pepo. Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa kitandani mwaka wa sita, ameanguka mnazini mvua ilipoteleza vidato, na mkewe ndiye aliyekuwa akikwea miti mifupi. Macho ya mama mwenyeji wangu yalikuwa mekundu kwa moshi saa zote. Kuni zinamaliza nguvu na muda. Halafu yuko mnunuzi anayekopesha mchele na ada ya shule mapema, kisha anachukua sukari kwa bei aliyoipanga yeye. Walanguzi wa dunia hii mama yao mmoja. Kati ya watoto watano wa Mbah hakuna hata mmoja aliyekwea mnazi. Wawili walikuwa viwandani Jakarta, na binti mtafsiri alitaka kuwa muuguzi. Na tangu nirudi, uwanja mpya wa ndege wa Yogyakarta umejengwa huko huko Kulon Progo, bondeni Temon, juu ya yaliyokuwa mashamba ya watu, ukaanza kupokea ndege mwaka 2019. Shamba kugeuka kitu kingine wanakujua vizuri.

Lakini hata pamoja na hayo, mgema alisomesha, alikula, alijenga paa la vigae, na hakukaa karibu na viatu.

Nirudi kwa msomaji wetu. Anataka kitu chenye maana. Nimkumbushe kwamba mkonge, uliojenga mkoa huu reli na majumba, uliingia mwaka 1893 kwa mikono ya Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika hai Kikogwe, hapa hapa Pangani, ilikuwa 62 tu. Mnazi haukuhitaji Mjerumani. Uko hapa tangu enzi za majahazi, na wataalamu wa vinasaba walionyesha mwaka 2011 kwamba minazi ya upande wetu wa Afrika imechanganyika damu, kiasi ya India na kiasi ya huko huko kusini-mashariki ya Asia. Nyuma ya vilima vya Mbah liko hekalu la Borobudur, la karne ya 9, na kwenye mawe yake kumechongwa merikebu zenye matengo ubavuni. Nilizitazama nikaona ngalawa za Kipumbwi. Mtu akiniambia mababu wa Mbah walileta nazi hapa wakiwa wamezikalia, sitabishana naye.

Na tena elimu ya sukari si ngeni kwetu. Bibi mzaa baba alikuwa akichemsha tembo tamu la asubuhi kwenye chungu hadi likawa asali nyeusi, tukachovyea mihogo ya kuchoma. Alipokufa hakuna aliyechemsha tena. Mnunuzi wa tembo kali alilipa papo hapo, na asali ilitaka kuni na subira.

Kwa hiyo mwaka jana nilijaribu. Kuna kijana jirani yangu anagema minazi sita. Nilikubaliana naye anishushie ya miti miwili, kwa bei ile ile ya tembo. Chokaa nilinunua kwa mama anayeuza tambuu sokoni, akanitazama na meno yangu meupe akashangaa. Jaribio la kwanza kijana alisahau kutia chokaa. Nilichemsha mchana kutwa nikapata uji mchungu usioganda, majirani wakapita wakivuta pua. La pili nilisinzia na gazeti lenu usoni, karai likaungua, na ya mke wangu sitayaandika hapa. La tatu nilikaa macho. Lita kumi na nne zilinipa mabonge yasiyotimia kilo mbili, rangi ya mbao za mvule. Siku hiyo tulikunywa chai ya tangawizi bila kununua sukari ya dukani.

Najua mahesabu yangu yana shimo. Kuni nilinunua, na kama ningejilipa mshahara ningekuwa na hasara. Mafiga ya kubania moto yanahitajika, karai pana, na mtu wa kufundisha usafi ili sukari ipite TBS, shirika la viwango, iweze kukaa dukani. SIDO Tanga, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha watu kusindika matunda na kutengeneza sabuni. Darasa moja la mafiga na karai haliwezi kuwashinda. Na minazi yenyewe inayokufa kwa ugonjwa wa mnyong'onyeo ipandwe mingine, kazi ambayo wenzangu wa kilimo wanaijua. Lakini ukishakata mti wenye miaka arobaini upate mbao za kenchi, hiyo hesabu nyingine yote imekwisha kabla haijaanza. Kijana wangu wa minazi sita ameshaulizwa na mwenye shamba mara mbili kama msumeno uje baada ya mvua.

Bonge moja nililifunga kwenye karatasi nikampelekea mzee mmoja wa Mwera, aliyegema pamoja na baba tangu ujana wao, sasa haoni vizuri. Nilimweleza habari zote hizi: Mbah, chokaa, karai, sukari inayopanda meli. Alilipapasa bonge, akalinusa, akalimega kwa magego, akalizungusha mdomoni muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Tamu, mwanangu," akasema. "Sasa mtu atalewaje?"

Wasalaam,

Bwana shamba mstaafu,
Pangani, Tanga